Kuusoma Mwamba kwa Nuru: Uletaji wa Data za Haipaspektra kwa Programu Huria na Suala la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi data za haipaspektra za jiolojia zinavyoletwa katika tarakilishi kwa kutumia Spectral Python, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Mfano unaotumiwa ni wa Cuprite, eneo lililoko jimbo la Nevada nchini Marekani, ambalo limechunguzwa kwa njia hii tangu miaka ya 1980. Makala yanaonyesha kwamba hatua ya uletaji, ambayo aghalabu hupuuzwa, ndiyo inayoamua iwapo ramani ya madini itakuwa ya kweli au ya uongo. Sambamba na hayo, makala yanajadili istilahi zinazohitajika ili somo hili liweze kufundishwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba tofauti za dhana zinazomponza mtumiaji wa programu ndizo hizo hizo zinazopotea pale mwanaistilahi anapotafsiri neno badala ya kuitafsiri dhana.

1.0 Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, hadhi ya kikatiba si sawa na uwezo wa kutumika katika kila taaluma. Kuna dai linalosikika mara kwa mara, hata miongoni mwa wasomi wa Kiswahili wenyewe, kwamba lugha hii inafaa fasihi, siasa na biashara, lakini hulemewa inapofikishwa mlangoni mwa sayansi za kisasa. Dai hili haliwezi kukanushwa kwa matamko. Linaweza kukanushwa kwa kuchukua somo moja gumu na kulifundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Juhudi za aina hii zina historia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani toleo la Kiswahili la programu huria ya kazi za ofisini. Kazi hizo mbili zilishughulikia sayansi za msingi na matumizi ya kawaida ya tarakilishi. Makala haya yanasogea hatua moja mbele na kuingia pale jiolojia, fizikia ya nuru na uandishi wa programu vinapokutana.

2.0 Msingi wa Somo: Mwamba na Nuru

Mwanajiolojia anapotaka kujua madini yaliyomo katika mwamba, anaweza kuuvunja na kupeleka kipande maabara. Njia nyingine ni kuchunguza nuru ya jua inayoakisiwa na mwamba huo. Kila madini hufyonza sehemu fulani ya nuru na kuakisi sehemu nyingine. Jumla ya vipimo vya uakisi katika urefu mbalimbali wa mawimbi huitwa spektra. Spektra ikichorwa kama grafu, mahali ambapo madini yamefyonza nuru huonekana kama bonde. Mahali bonde lilipo, kina chake na umbo lake ndivyo vinavyolitambulisha madini, kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu.

Jicho la mwanadamu huona mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700 pekee. Mabonde yanayomfaa zaidi mwanajiolojia yamo nje ya upeo huo, hususan kati ya nanomita 2000 na 2500, katika eneo la infraredi. Huko kaolini huwa na mabonde mawili yaliyoambatana, moja karibu na nanomita 2165 na jingine karibu na 2206. Muskoviti huwa na bonde karibu na 2200, aluniti karibu na 2170, na kalsiti karibu na 2340. Budingtoniti, ambayo ni madini yenye amoniamu ndani yake, huonekana karibu na 2120.

Hapa ndipo idadi na upana wa bendi unapokuwa na umuhimu. Bendi ni kipande cha mawimbi ambacho chombo hukipima kama kitu kimoja. Chombo cha Thematic Mapper kilichobebwa na setilaiti za Landsat kilikuwa na bendi 7. Bendi yake ya 7 ilitanda kutoka nanomita 2080 hadi 2350. Madini yote matano yaliyotajwa yana mabonde yake ndani ya bendi hiyo moja, kwa hivyo chombo hakikuweza kuyatenganisha kwa mabonde hayo. Kwa upande mwingine, chombo kiitwacho AVIRIS, kilichobuniwa na maabara ya NASA iitwayo Jet Propulsion Laboratory na kubebwa na ndege, kilipima bendi 224 kati ya takriban nanomita 400 na 2500, kila moja ikiwa na upana wa nanomita 10 hivi. Pale Landsat ilipotoa tarakimu moja, AVIRIS ilitoa takriban 27.

3.0 Istilahi Tatu Zinazohitaji Kuamuliwa

3.1 Haipaspektra

Tafsiri ya haraka ya dhana hii ingekuwa "spektra nyingi". Tatizo ni kwamba Landsat nayo ina bendi nyingi kuliko picha ya kawaida. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Landsat ni ya spektra nyingi na AVIRIS pia ni ya spektra nyingi, tofauti ambayo ndiyo kiini cha somo itakuwa imepotea. Kuongeza kivumishi, kama vile "spektra nyingi sana", hakutatui jambo, kwa kuwa tofauti si ya idadi tu. Jambo la msingi ni kwamba bendi za AVIRIS ni nyembamba na zinafuatana bila mapengo, hivyo grafu inayopatikana ni mstari kamili wala si vitone vilivyotawanyika.

Istilahi "spektra mfululizo" inaibeba maana hiyo kwa uangavu. "Haipaspektra", kwa upande wake, ina sifa ya umataifa. Kati ya vigezo ambavyo Kiingi aliviweka pamoja chini ya kifupisho PEGITOSCA, uangavu na umataifa ni viwili ambavyo mara nyingi huvutana. Makala haya yanatumia "haipaspektra" kama jina la taaluma na data zake, na "spektra mfululizo" kama maelezo yanayofunza maana. "Spektra nyingi" inaachiwa vyombo vya aina ya Landsat.

3.2 Maktaba

Katika uandishi wa programu, maktaba ni mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha kuandikwa ambazo mtu anaweza kuziazima. Spectral Python ni maktaba kwa maana hii. Katika elimu ya spektra, maktaba ni hifadhi ya spektra za madini yanayojulikana, zilizopimwa ili kulinganishwa na zile za nyanjani. Mfano ni ile ya Shirika la Jiolojia la Marekani, ambayo toleo lake la 7 lilitolewa mwaka 2017. Katika somo hili maktaba zote mbili hutumiwa kwa pamoja. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mwalimu aseme "maktaba ya programu" na "maktaba ya spektra" bila kufupisha.

3.3 Kuingiza, kuleta, kufungua, kupakia

Kwa mazungumzo ya kila siku, "kuingiza data" ni kukaa mbele ya kibodi na kuandika tarakimu moja baada ya nyingine. Maana hii imekita mizizi ofisini na ni vigumu kuing'oa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia "uletaji" kwa ajili ya shughuli nzima ya kuchukua data zilizohifadhiwa katika faili na kuzifikisha mahali zinapoweza kufanyiwa kazi. Ndani ya uletaji mna vitendo viwili tofauti. "Kufungua" ni kusoma maelezo ya faili bila kuzigusa tarakimu zenyewe. "Kupakia" ni kuzihamisha tarakimu hizo kutoka kwenye diski hadi kwenye kumbukumbu ya tarakilishi. Kama itakavyoonekana hivi punde, Spectral Python inavitenganisha vitendo hivi viwili. Mwanafunzi ambaye lugha imemtenganishia mapema hatashangaa kuvikuta vimetenganishwa.

4.0 Uchunguzi Kifani: Cuprite, Nevada

Cuprite ni eneo kame lililoko takriban kilomita 200 kaskazini magharibi mwa jiji la Las Vegas, karibu na mji wa kale wa migodi ya dhahabu uitwao Goldfield. Zamani za kijiolojia, majimaji ya moto yalipenya katika miamba yake na kuyageuza madini ya awali kuwa kaolini, aluniti, silika na mengineyo. Kwa kuwa mimea ni michache, nuru huufikia mwamba na kuakisiwa bila kizuizi kikubwa. Hali hii imeifanya Cuprite kuwa darasa la wanaojifunza haipaspektra duniani kote. AVIRIS iliruka juu ya eneo hili mara kadhaa, ikiwamo Juni 1997.

4.1 Faili mbili

Data za aina hii mara nyingi huhifadhiwa katika muundo uitwao ENVI, ambao una faili mbili. Faili ya kwanza ni kubwa na ina tarakimu tupu, bila neno hata moja la maelezo. Faili ya pili ni ndogo, ni maandishi ya kawaida, na kazi yake ni kueleza namna ya kuisoma ile ya kwanza. Hii ya pili inaitwa hapa faili ya maelezo. Mfano ufuatao unaafiki vipimo vya pande moja la taswira ya AVIRIS la wakati huo:

ENVI
samples = 614
lines = 512
bands = 224
header offset = 0
data type = 2
interleave = bip
byte order = 1
reflectance scale factor = 10000
wavelength units = Nanometers

Baada ya mistari hii hufuata orodha ya urefu wa mawimbi wa bendi zote 224. Maneno ya upande wa kushoto hayabadilishwi kwa kuwa programu huyatafuta yalivyo, lakini maana zake zinaelezeka kwa Kiswahili bila taabu. Mstari wa pili unataja idadi ya safu wima, wa tatu safu mlalo, na wa nne bendi. Wa tano unaeleza ni baiti ngapi zirukwe kabla ya kufikia data. Wa sita unataja aina ya tarakimu, ambapo 2 ni namba kamili ya biti 16 inayoweza kuwa chanya au hasi. Wa saba ni mpangilio, wa nane ni mwelekeo wa baiti, na wa tisa ni kigawo. Wa mwisho unataja kipimo cha urefu wa mawimbi.

Kabla ya kuifungua programu yoyote, mwanafunzi anaweza kufanya hesabu ndogo. Safu wima 614 mara safu mlalo 512 mara bendi 224 ni tarakimu 70,418,432. Kila tarakimu ya biti 16 huchukua baiti 2. Kwa hivyo faili kubwa inapaswa kuwa na baiti 140,836,864, bila kupungua wala kuzidi. Ukubwa ukitofautiana, basi maelezo ni ya uongo au faili imekatika wakati wa kunakiliwa.

4.2 Kufungua na kupakia

Mistari mitatu ifuatayo inatosha kuifungua taswira:

import spectral.io.envi as envi
taswira = envi.open('cuprite.hdr', 'cuprite.img')
print(taswira.shape)

Mstari wa kwanza unaazima kutoka maktaba ya programu sehemu inayojua muundo wa ENVI. Wa pili unafungua faili mbili na kuupa mkusanyiko wote jina "taswira". Jina hili ni la Kiswahili kwa makusudi. Maneno ya amri ya Python hayabadiliki, lakini majina ya vitu humilikiwa na mwandishi, naye ana uhuru wa kuyachagua kutoka lugha yake. Mstari wa tatu unachapisha vipimo, na jibu litakuwa 512, 614 na 224, yaani safu mlalo, safu wima na bendi.

Hadi hapa hakuna tarakimu ya mwamba iliyosomwa. Programu imesoma maelezo tu na kujiweka tayari. Mtumiaji akitaka spektra ya pikseli moja, anaandika:

spektra = taswira[100, 200]

Programu itakwenda moja kwa moja mahali pa pikseli hiyo katika faili na kurudi na tarakimu zake 224. Akitaka mchemraba mzima wa data uwe katika kumbukumbu, anaandika:

mchemraba = taswira.load()

Hiki ndicho kitendo cha kupakia, nacho kina gharama. Programu huzigeuza tarakimu kuwa namba za desimali za biti 32, ambazo huchukua baiti 4 kila moja. Mchemraba uliokuwa na baiti takriban milioni 141 kwenye diski huwa na takriban milioni 282 katika kumbukumbu. Katika tarakilishi ndogo, kufungua bila kupakia kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kazi inayoendelea na mashine inayokwama.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Python huhesabu kuanzia sifuri. Bendi ya kwanza ni 0 na ya mwisho ni 223. Mzungumzaji wa Kiswahili ana uzoefu wa jambo linalofanana na hili, kwani saa tatu ya asubuhi ya Kiswahili na saa tisa ya Kiingereza ni wakati mmoja uliohesabiwa kutoka mianzo miwili. Anayechanganya mianzo hiyo hukosa miadi. Anayechanganya mianzo ya bendi husogeza kila bonde kwa nanomita 10.

4.3 Mpangilio wa tarakimu

Mchemraba una pande tatu, lakini faili ni mstari mmoja mrefu wa tarakimu. Lazima pawe na kanuni ya kuukunjua mchemraba kuwa mstari. Kanuni zilizozoeleka ni tatu. Katika mpangilio wa kipikseli, tarakimu zote 224 za pikseli ya kwanza huandikwa kwa pamoja, kisha zote za pikseli ya pili, na kuendelea. Katika mpangilio wa kibendi, bendi nzima ya kwanza huandikwa, yaani picha kamili, kisha ya pili. Katika mpangilio wa kimstari, safu mlalo ya kwanza huandikwa katika bendi zote 224, bendi moja baada ya nyingine, ndipo safu mlalo inayofuata ishike zamu.

Mwanafunzi wa ushairi ana mfano wa karibu. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne ya mizani kumi na sita una vipande vinane, vinne vya ukwapi na vinne vya utao. Msomaji husoma ukwapi wa mshororo kisha utao wake, ndipo ashuke. Chukulia kwamba mtu asiyejua kanuni hiyo anasoma ukwapi zote nne kwanza na kisha utao zote nne. Atakuwa amesoma kila neno lililoandikwa, na mizani atakayoihesabu itakuwa 64 ile ile. Hata hivyo, shairi litakuwa limemponyoka.

Ndivyo ilivyo kwa data. Faili ya maelezo ikidai mpangilio wa kibendi ilhali data ni za kipikseli, hesabu ya ukubwa wa faili itapita bila kasoro, kwa kuwa idadi ya tarakimu haijabadilika. Programu haitalalamika. Itatoa spektra 314,368, moja kwa kila pikseli, na zote zitakuwa zimeokotwa kutoka mahali pasipo pao. Ifahamike kwamba maelezo yakiwa sahihi, Spectral Python huupokea mpangilio wowote kati ya mitatu na kumpa mtumiaji utaratibu ule ule wa safu mlalo, safu wima na bendi. Mtumiaji hapaswi kupanga upya chochote kwa mkono wake.

4.4 Mwelekeo wa baiti

Tarakimu ya biti 16 huandikwa kwa baiti mbili. Kwa mfano, 2300 ni 8 mara 256 ukijumlisha 252, hivyo baiti zake ni 8 na 252. Baadhi ya mashine huandika baiti kubwa kwanza, nyingine baiti ndogo kwanza. Faili ya maelezo hutofautisha kwa 1 na 0 mtawalia. Baiti hizo mbili zikisomwa kinyume, 2300 hugeuka na kuwa hasi 1016. Miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuna mhakiki ambaye angejaribu kuisoma kinyume na kisha kutoa maoni kuhusu maudhui yake. Katika tarakilishi kosa hilo hufanyika kwa urahisi, kwa sababu tarakimu iliyogeuzwa bado ni tarakimu.

Kosa hili lina nafuu moja, nayo ni kwamba hujifichua mapema. Uakisi hauwezi kuwa hasi kwa kiwango kikubwa hivyo. Taswira iliyosomwa kinyume hufanana na mchanga uliomwagwa, na spektra yake hurukaruka bila umbo lolote.

4.5 Kigawo

Uakisi ni sehemu ya nuru inayorudi, kwa hivyo kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1. Ili kuokoa nafasi, watoaji data huuzidisha kwa 10,000 na kuuhifadhi kama namba kamili. Tarakimu 2300 basi ina maana ya 0.23, yaani asilimia 23. Kigawo kikitajwa katika faili ya maelezo, Spectral Python hugawanya yenyewe. Kisipotajwa, 2300 hubaki 2300.

Makosa hayalingani kwa uzito. Njia moja maarufu ya kulinganisha spektra hupima pembe kati ya spektra mbili, na pembe haibadiliki hata spektra moja ikizidishwa yote kwa namba moja. Anayetumia njia hiyo anaweza kuukosea uakisi kwa mara elfu kumi na bado akapata ramani sahihi. Anayetumia njia inayopima umbali kati ya tarakimu ataharibikiwa kabisa.

4.6 Urefu wa mawimbi

Kosa lililo hatari kuliko yote ni lile linalozaa ramani ya kupendeza. Tarakimu zinaweza kuwa sahihi, mpangilio sahihi na mwelekeo sahihi, lakini orodha ya urefu wa mawimbi ikawa imesogea. Bonde la muskoviti liko karibu na nanomita 2200 na la aluniti karibu na 2170. Tofauti ni nanomita 30, yaani bendi tatu za AVIRIS. Orodha ikisogea kwa bendi tatu, mwamba wenye muskoviti unaweza kupachikwa jina la aluniti. Aluniti humwambia mwanajiolojia kwamba majimaji yenye asidi yalipita hapo, ishara ambayo huongoza utafutaji wa madini ya thamani katika miamba ya aina hii. Kwa hivyo orodha iliyosogea inaweza kupeleka fedha, mashine na watu kuchimba mahali pasipostahili.

Wapo wanaoiacha orodha na kukokotoa urefu wa mawimbi kwa kuanza na wa bendi ya kwanza kisha kuongeza 10 kila mara. Kwa AVIRIS, hila hii haifai. Ndani ya chombo hicho mlikuwa na vipima spektra vinne ambavyo mipaka yake ilipishana. Kipima kimoja kinapomkabidhi mwenzake, orodha hurudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea mbele. Orodha ya kweli haina budi kusomwa jinsi ilivyo. Mtumiaji huiona kwa kuandika taswira.bands.centers na anapaswa kuikagua kwa macho, ikiwa ni pamoja na kuthibitisha iwapo ni ya nanomita au ya mikromita.

5.0 Uhakiki Baada ya Uletaji

Kwa mintarafu ya yaliyoelezwa, uhakiki unaofaa una hatua nne. Kwanza ni hesabu ya ukubwa wa faili, ambayo hugundua vipimo vya uongo lakini haigundui mpangilio wala mwelekeo uliokosewa. Pili ni kutoa picha kwa bendi tatu zilizo katika nuru inayoonekana. Picha ikionyesha vilima, mabonde na barabara kuu inayoikata Cuprite, mpangilio na mwelekeo ni sahihi. Tatu ni kuchora spektra ya pikseli moja. Mvuke wa maji katika anga ya dunia hufyonza karibu nuru yote katika maeneo ya nanomita 1400 na 1900. Huko data za uakisi huwa tupu au zenye vurugu. Vurugu hiyo ikionekana mahali pengine, orodha ya mawimbi imesogea. Anga, ambayo kwa kawaida ni kero kwa mtafiti, hapa inakuwa shahidi wake. Nne ni kulinganisha pikseli za mahali panapojulikana na maktaba ya spektra.

Kila hatua hukamata kosa ambalo zilizotangulia haziwezi kulikamata. Anayefanya ya kwanza pekee na kutangaza kwamba data zimefika salama ni sawa na mhakiki aliyehesabu mizani na kutangaza kwamba shairi limeeleweka.

Ikumbukwe pia kwamba Spectral Python si programu pekee ya aina hii. Taasisi ya Helmholtz ya Freiberg nchini Ujerumani imeendeleza hylite, maktaba huria ya Python iliyokusudiwa wanajiolojia, ambayo hushughulikia taswira, maktaba za spektra na hata mawingu ya nukta za pande tatu. Data zenyewe nazo zimekuwa tele. Chombo cha EMIT kilichopelekwa na NASA katika Kituo cha Anga cha Kimataifa Julai 2022 hupima bendi 285, na data zake hutolewa bure kwa umma. Data hizo hutolewa katika muundo mwingine uitwao netCDF, lakini maswali ya vipimo, mpangilio, kigawo na urefu wa mawimbi hubaki yale yale.

6.0 Mafunzo kwa Mwanaistilahi

Uchambuzi huu una mambo matatu ya kumpa mtaalamu wa Kiswahili. La kwanza ni kwamba msamiati mwingi uliohitajika tayari upo. Mchemraba, safu, bonde, uakisi, ufyonzaji, mwelekeo, mpangilio na kigawo ni maneno ya Kiswahili yaliyopewa kazi mpya bila kulazimishwa. Maneno yaliyokopwa, kama vile pikseli, baiti, spektra na infraredi, ni machache, na yanaishia kwa irabu.

La pili ni kwamba istilahi haipimwi ikiwa pekee bali katika mfumo. "Kuingiza" ni neno zuri mpaka linapokutana na "kufungua" na "kupakia". "Spektra nyingi" inafaa mpaka panapokuja chombo cha pili. Mwanaistilahi anayefanya kazi na orodha ya maneno ya kigeni yaliyopangwa kialfabeti hawezi kuyaona migongano hii. Mwalimu anayefundisha somo lenyewe huiona siku ya kwanza.

La tatu ni kwamba fasihi ya Kiswahili ni hazina ya mifano ya kisayansi. Ukwapi na utao vilieleza mpangilio wa data kwa ufupi kuliko ambavyo mchoro ungeweza. Hivi si kusema kwamba washairi wa kale walijua tarakilishi. Ni kusema kwamba utaratibu wa kuandika kitu chenye pande nyingi katika mstari mmoja, na hatari ya kukisoma vibaya, ni jambo ambalo jamii ya Waswahili imelikabili kwa karne nyingi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuleta data za haipaspektra si kazi ya kubonyeza kitufe. Ni kazi ya kusoma, na kila usomaji unahitaji kujua kanuni za uandishi uliotangulia. Mistari michache ya Python yatosha kuifungua taswira ya Cuprite, lakini haitoshi kuthibitisha kwamba kilichofunguliwa ndicho kilichopimwa. Vilevile imebainika kwamba somo hili linafundishika kwa Kiswahili pasi na kupunguzwa uzito. Kilichobaki ni kazi ya pamoja. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na zile za jiolojia na tarakilishi zikae meza moja, wanafunzi wa upande huu wakijifunza kufungua faili, na wa upande ule wakijifunza kuandika ripoti zao kwa lugha rasmi ya nchi. Istilahi zilizopendekezwa hapa zitajaribiwa huko, na zile zitakazoshindwa zibadilishwe bila haya.